Kimemo Nilichokiomba Mwenyewe

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mitihani ya muhula, Februari 2019, nilisimama mlangoni mwa ukumbi nikiwa na orodha mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi walioruhusiwa kufanya mtihani, na ya pili ilikuwa ya wale waliozuiwa na ofisi ya uhasibu kwa sababu hawajamaliza ada. Nilikuwa mhadhiri msaidizi na katibu wa kamati ya mitihani katika chuo ambacho sitakitaja. Nitasema tu kwamba kilikuwa mbali na Mtwara, mwendo wa basi wa siku nzima na sehemu ya usiku, na kwamba hakikuwa kibaya kuliko vingine. Katika orodha ya pili lilikuwamo jina la binti mmoja wa Tandahimba, mkoani Mtwara. Alinisogelea, akafungua daftari, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama tunavyoiita sote, yenye jina la baba yake, kilo 640 za korosho, tarehe ya Novemba na muhuri wa zambarau uliopakaa kidogo upande wa kulia.

"Mwalimu," aliniambia, "fedha ipo, ila haijalipwa."

Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Nikiwa bado nasema, mpwa wangu, ambaye alikuwa mwaka wa pili kama yule binti na ambaye naye hakuwa amemaliza ada, alipita ubavuni pake akaingia ukumbini. Jina lake lilikuwa limehamishwa jana yake jioni kutoka orodha ya pili kwenda ya kwanza kwa kimemo, karatasi ndogo ya manjano yenye neno moja tu, "Aruhusiwe", na sahihi ya mkubwa mmoja wa chuo. Kimemo hicho nilikiomba mimi.

Asiyeifahamu kusini huenda asielewe stakabadhi ile ilikuwa na uzito gani. Huku kwetu ada ya mtoto hulipwa na mti. Mkorosho ukitoa maua Julai na Agosti, mzazi huanza hesabu. Minada ikifunguliwa Oktoba, hesabu hiyo inapata namba. Na fedha zikiingia, karo, bati na mahari hulipwa kwa mpigo. Tangu msimu wa 2007/2008, ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hapokei fedha zake zote papo hapo anapopeleka mzigo wake, bali hupokea karatasi na kusubiri korosho ziuzwe mnadani. Mwaka 2018 subira hiyo ilivuka mipaka. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo, kwa hiyo wanunuzi walipokuja Oktoba na bei za chini mno, wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa mnadani. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Kisha ukafuata uhakiki wa wakulima, ambao nia yake ilikuwa kuwabana wenye kangomba, yaani wale wanaonunua korosho kwa bakuli vijijini, kwa bei ya kumwonea mwenye njaa. Nia hiyo sina ugomvi nayo. Ila uhakiki ulichukua miezi, na Februari ilipofika nyumba nyingi za uwanda wa juu wa Wamakonde zilikuwa na karatasi zenye mihuri na hazikuwa na shilingi.

Chuoni kwetu hakuna aliyejua hayo. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Kalenda ya ada ilipangwa na watu waliozaliwa kwenye mishahara au kwenye kahawa na ng'ombe, na korosho kwao ilikuwa kitu cha kutafuna. Mimi peke yangu katika kamati ile nilijua maana ya stakabadhi ya AMCOS. Nilikuwa na ujuzi ambao ungeweza kubadili uamuzi wa kikao, nao nikautumia kumsaidia mtu mmoja wa damu yangu, kwa mlango wa nyuma, na aliponijia mtu mwingine mwenye hoja ileile nikamsomea kanuni.

Lazima nieleze kwa nini lilikuwa jepesi, kwa sababu wepesi wake ndio uliokuja kunitisha. Kwa mila za Kimakonde mjomba si ndugu wa pembeni. Mtoto wa dada yako ni mzigo wako, na mjomba anayeshindwa kumtetea mpwa wake husemwa hadi kaburini. Dada alinipigia simu usiku, akaniambia mambo mawili tu: kwamba AMCOS haijalipa, na kwamba mimi nipo hapo. Neno "upo hapo" lilinitosha. Kesho yake nilikwenda ofisi ya mkubwa yule, nikasalimia, nikakaa, nikaulizwa habari za nyumbani, nikasema nina kijana wangu. Hakuniuliza kijana amekwama kwa nini, na mimi sikueleza. Dakika tano nilikuwa nimetoka. Baadaye, nilipopanga majalada ya muhula ule, nilihesabu vimemo 17 vya namna hiyo vikiwa vimebanwa na pini nyuma ya orodha, na hakuna hata kimoja kilichotaja sababu.

Muhula ulipofungwa nilikwenda nyumbani Newala. Mama alikuwa uani akipepeta mbaazi, nami nikamsimulia habari za mpwa wangu kwa fahari kidogo, kama mtu aliyetimiza wajibu. Nikataja pia, kwa kupitia tu, kwamba alikuwapo binti wa Tandahimba mwenye shida hiyohiyo. Mama aliendelea kupepeta. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na huyo mtoto mwingine, mjomba wake alikuwa nani?"

Sikuwa na jibu, naye hakulitafuta. Akahamia habari nyingine, na kwa muda nilidhani ameachana na lile, kumbe alikuwa akilizunguka. Alinieleza kuhusu bwana shamba kijana aliyeletwa kijijini msimu uliopita. Mikorosho ya upande wa bondeni ilikuwa imepukutisha maua ingawa ilipulizwa kwa wakati wake salfa ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Wakulima wakamkusanyikia bwana shamba wakitaka jibu. Yule kijana akakagua matawi, akachuma machache, akawaambia mbele ya watu wote kwamba hajui, na kwamba atakwenda kuuliza kituo cha utafiti cha Naliendele. Baadhi walimcheka, kwamba Serikali imewaletea msomi asiyejua. Baada ya wiki mbili alirudi na maelezo, akasema pia kwamba katika jambo moja aliwaambia vibaya mwaka ule ule, wakati wa kupogoa, na akawaonyesha mtini alipokosea. "Huyo," mama alisema, "ndiye aliyesoma."

Nimewahi kukaa katika warsha za mitaala ambamo watu wenye shahada tatu walibishana siku mbili juu ya lengo la elimu ya juu, na mezani pakawa na maneno kama soko la ajira, umahiri na ubunifu. Sijasikia humo lengo lililonikaa kama hili la mama. Mtu aliyesoma ni yule anayeweza kusema "sijui" mbele ya wanaomtegemea, akaenda kutafuta, akarudi, na akikuta alikosea akalisema kosa lake mahali palepale alipolitendea. Vitu vyote vizito tunavyovijenga chuoni, yaani mtihani, mtahini wa nje, utetezi wa tasnifu mbele ya jopo, haki ya kukata rufaa, vimewekwa ili neno la mtu lisisimame kwa sababu ya cheo chake bali kwa sababu limepimwa. Ndiyo maana kimemo kisicho na sababu ni kitu kigeni mno ndani ya chuo. Kinaweza kuzoeleka kwingineko, lakini chuoni kinakana kazi ya nyumba nzima. Mimi nilikuwa nafundisha mbinu za utafiti. Muhula uleule nilimnyima mwanafunzi alama kwa kuandika hitimisho lisilo na ushahidi.

Niliporudi kazini niliomba ajenda iongezwe katika kikao cha kamati. Nilisema ninataka vimemo vikome na mahali pake pawe na utaratibu ulioandikwa, kwamba mwanafunzi mwenye uthibitisho wa fedha zilizochelewa, iwe stakabadhi ya mazao au barua ya mwajiri wa mzazi, afanye mtihani kwa mkataba na matokeo yake yashikiliwe hadi atakapolipa. Nikasema pia kwamba mmoja wa wanafunzi 17 ni mpwa wangu na kwamba aliyemwombea ni mimi. Kikao kilinyamaza kidogo, kisha mwenyekiti akasema tusichanganye mambo binafsi na ya kiofisi, sentensi ambayo hadi leo sijui ilikuwa huruma au kejeli.

Waliopinga hawakuwa watu wabaya, na hoja zao sikuzimaliza. Mhasibu, mama mmoja mpole aliyekuwa akibeba lawama za kila mtu, alisema, "Mishahara ya Machi inatoka kwenye ada ya Februari, nionyesheni ninyi nitakapoitoa." Chuo kisicho na ruzuku ya kutosha kinaishi kwa ada, na huo ni ukweli ambao mwanataaluma hupenda kuusahau hadi tarehe ishirini na tano ya mwezi. Hoja nzito zaidi ilitoka kwa mkubwa aliyekuwa akisaini vimemo. Alisema kwamba yeye huwasaidia watoto wengi kuliko tunavyojua, kwamba mkono wake ukifungwa kwa maandishi hata hao wachache watakosa, na akamalizia kwa maneno niliyoyaandika pembeni mwa muhtasari: "Huruma ikiandikwa inageuka haki, na haki inadaiwa."

Alilitoa kama onyo. Nilitembea nalo kichwani kwa wiki kadhaa kabla sijaona kwamba alikuwa ameutaja ugonjwa wenyewe kwa jina. Huruma ambayo haiwezi kudaiwa humfikia mwenye mjomba. Binti wa Tandahimba hakuomba huruma. Alileta ushahidi, tena ushahidi wenye muhuri, na akauleta kwa mtu aliyejua kuusoma.

Muundo wa vyuo vikuu vyetu si wa bahati mbaya. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, iliyoanzisha pia Tume ya Vyuo Vikuu, kuna Baraza la Chuo ambalo linasimamia fedha, mali na ajira, na kuna Seneti ambayo inasimamia taaluma, yaani nani afundishwe nini, nani amefaulu, nani apewe shahada. Busara ya kutenganisha vyombo hivi ni kwamba anayehesabu fedha asiwe ndiye anayeamua ufaulu, na anayeamua ufaulu asiwe ananunulika kwa fedha. Lakini mlango wa ukumbi wa mtihani, siku ya kuzuia wasiolipa ada, ni mahali ambapo mamlaka hizo mbili hukutana, na mahali hapo kwetu hapakuwa na kanuni. Mhasibu alidhani ni jambo la kitaaluma, kamati ikadhani ni la uhasibu, na kimemo kikapata makazi yake katika ufa huo. Tangu hapo, kila nikisikia chuo fulani kina mgogoro wa utawala, huwa sitafuti kwanza mwizi, hutafuta ufa.

Ningekuwa mwaminifu nusu nisipotaja historia, kwa sababu swali la msomi na mkulima anayemlipia ni la zamani kuliko mimi. Chuo chetu cha kwanza kilianza Dar es Salaam Oktoba 1961 na wanafunzi 14 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na miaka mitano baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Baba yangu alikisimulia kisa hicho kama ushindi wa wakulima. Mimi sijaweza kukisimulia hivyo. Swali lililoulizwa siku ile, kwamba mwenye elimu anadaiwa nini na waliokosa, lilikuwa swali la haki. Lakini kumfukuza anayeulizwa si njia ya kulipata jibu. Wanataaluma waliokutana Dar es Salaam mwaka 1990 na kutoa azimio lao waliweka uhuru wa taaluma na wajibu wa kijamii wa wanataaluma katika kichwa kimoja cha habari, na nadhani walijua kwamba ukivitenganisha, cha kwanza hugeuka anasa na cha pili hugeuka amri.

Tuliishia wapi? Utaratibu ulipitishwa, ingawa ulipunguzwa makali: mkataba uliruhusiwa kwa anayekuwa amelipa walau nusu. Mwaka uliofuata wanafunzi wengi waliutumia, na wengi wao walilipa. Miaka miwili baadaye vimemo vikaanza tena, safari hii kwa simu, ambayo haibanwi na pini. Nami nilikuwa nimekwisha kuondoka kuja kufanya kazi nyingine huku Mtwara, kwa sababu ambazo hazihusiani na haya.

Mpwa wangu alihitimu. Siku ya mahafali, akiwa bado na joho, nilimuuliza anaondoka na nini baada ya miaka mitatu, nikitegemea anitajie somo au mwalimu. Alifikiri kweli, maana ni kijana mkweli, akasema, "Mjomba, nimejifunza kwamba kila ofisi ina mtu wake." Hakuwa akinilaumu. Alikuwa ananishukuru. Mwezi uliofuata alinipigia kuniomba nimtafutie kimemo cha kazi.

Na yule binti hakuna aliyemwita. Utaratibu ulipopita nilikuwa na namba yake katika jalada, nilikuwa na chumba cha ofisi na simu mezani, na sikupiga. Nilijiambia kwamba atasikia kwa wenzake. Nilijua hatasikia.

Nilimwona tena Novemba miaka mitano baadaye, ghalani, upande wa Tandahimba. Dada yangu aliolewa huko na mumewe alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nilikwenda na gari la kukodi kupeleka magunia yake sita. Foleni ilikuwa ndefu, imepinda hadi chini ya mwembe, akina mama wamekalia magunia yao kwa kanga zilizofunikwa na vumbi jekundu. Kwenye mizani alikaa karani wa kike mwenye miwani na kalamu mbili sikioni. Kila gunia lilipopandishwa alisubiri mshale utulie, akamwita mwenye mzigo asogee aone mwenyewe, akataja kilo kwa sauti, akatoa uzito wa gunia tupu, akataja tena, ndipo akaandika. Mzee mmoja alimwambia hana haja ya kuangalia, anamwamini. "Angalia tu, babu," akasema, na hakuandika mpaka babu alipoinama.

Nilimtambua kabla hajanitambua. Alipouona uso wangu alisimama, akanipa shikamoo kama hakuna kilichowahi kutokea, nami nikaitikia marahaba nikitafuta pa kuyaweka macho. Akaniambia kwamba baba yake alilipwa katikati ya mwaka ule, wakati nafasi yake yeye chuoni ilikuwa imekwisha kufutwa, na kwamba sasa anasoma Chuo Kikuu Huria kwa kupitia kituo chao cha Mtwara, ameanza upya mwaka wa kwanza, yuko wa pili. Alinieleza haya kwa haraka, kalamu mkononi, maana watu walikuwa wanasubiri.

Dereva wangu, aliyeona kwamba tunafahamiana, alikuwa ameshaanza kushusha magunia karibu na mizani. Jua lilikuwa kali, na nakiri kwamba sikumzuia. Binti akayatazama magunia, akanitazama mimi.

"Mwalimu," alisema kwa adabu yote, "foleni inaanzia kule kwenye mwembe."

Tukayabeba mimi na dereva, moja moja, tukayapeleka kule.